Nta Haina Kosa: Kutafuta Chanzo cha Kunata, Ukungu na Mikwaruzo kwenye Fanicha

Mwaka juzi afande mmoja alinipigia simu saa tatu usiku. "Fundi, kesho njoo uone meza yako." Hakusema meza yangu, alisema yako. Mteja akishaanza kukurudishia mali aliyoilipia, ujue kuna jambo.

Asubuhi nikapanda boda hadi kambi ya polisi ya Nsambya, Kampala. Nilikulia humo humo, baba alikuwa polisi, kwa hiyo kila mlango nilioupita kuna mtu aliyenisalimu kwa jina. Siku hiyo nilitamani nisijulikane. Meza yenyewe ilikuwa ya mvule, ya watu wanane, nimeipiga laka, ule mpako wa uwazi unaokinga mbao, na kuipaka nta ya nyuki hadi ikawa kama kioo. Mama mwenye nyumba akashika kitambaa cha plastiki kilichoifunika, akakivuta taratibu. Kikabanduka kwa sauti ya plasta inayotolewa kwenye kidonda. Waridi zote za kile kitambaa, na majani yake, zilikuwa zimejichapa juu ya meza.

"Ni hiyo nta yako, mwanangu," mama akasema. "Hao nyuki wako hawajatulia."

Nikapiga magoti, nikabonyeza kwa ukucha. Ukucha ukazama. Hapo ndipo nilipojua kwamba nyuki wamesingiziwa. Nta ikishasuguliwa vizuri, kinachobaki juu ya mbao ni utando mwembamba mno, hakuna ukucha unaoweza kuzama humo. Kilichokuwa laini ni laka yenyewe. Niliipuliza Jumatano, Ijumaa nikaisugua na kuipaka nta, Jumamosi ikapakiwa garini kwa sababu Jumapili kulikuwa na wageni wa kuja kuposa. Haraka ile niliikubali mimi.

Tangu hapo, nikiitwa kuangalia meza, kabati au mlango ambao "nta imeharibika", sifungui kopo la nta kabla sijajua kilicho chini yake. Matatizo mengi yanaonekana siku ya nta lakini yalizaliwa siku za nyuma, kwenye msasa, kwenye sila (mpako wa kwanza wa kuziba mbao), kwenye laka, au kwenye mbao yenyewe.

## Kwanza jua umeshika nini

Chagua mahali pasipoonekana, chini ya ukingo wa meza au nyuma ya mguu. Futa nta hapo kwa kitambaa chenye waiti spiriti, kile kiyeyushi cha rangi za mafuta. Acha pakauke. Sasa weka tone moja la spiriti ya methileti, subiri dakika moja, gusa. Pakinata, hiyo ni shelaki, ile polishi ya wazee inayotengenezwa kwa vipande vya kahawia vinavyolowekwa kwenye spiriti. Kama hapakunata, sogea kando kidogo, weka tone la thina, kiyeyushi cha laka. Pakiyeyuka, ni laka ya kawaida. Kama thina nayo imeshindwa, au imekunjakunja tu ngozi ya juu, una vanishi ya mafuta au laka ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha.

Usiruke jaribio hili. Nimemwona kijana hapa barabara ya Ggaba anafuta nta iliyozidi kwa thina, kwenye kitanda kilichopigwa laka. Nta ilitoka, na laka ikatoka nayo, na kazi yote ikaishia kwenye tambara. Nta huondolewa kwa waiti spiriti au tapentaini. Hizo haziidhuru laka iliyokauka. Mafuta ya taa yanaondoa pia, lakini yanaacha unyevu wa mafuta utakaokusumbua baadaye. Petroli usiilete karakanani kabisa, kuna watu wanachemsha chai humo.

## Inanata, inashika vumbi

Hili ndilo lalamiko nililolisikia mara nyingi kuliko yote, hasa kwa wateja wa kando ya barabara ambako vumbi jekundu halilali. Linakuja kwa sura tatu na kila moja ina tiba yake.

Ya kwanza: pitisha kidole. Kama kidole kinaacha njia, na njia hiyo inang'aa kuliko pembeni, nta imebaki nyingi. Umepaka kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Nta hupakwa kidogo sana, unaiacha ipauke kidogo, kwa kawaida dakika tano hadi kumi na tano kufuatana na hali ya hewa, kisha unaisugua kwa kitambaa kikavu cha pamba, ukigeuza upande safi kila kinapojaa. Ikiwa imeshakuwa ngumu na kitambaa kinakwama, paka nta mpya kidogo juu yake. Viyeyushi vya nta mpya vitalainisha ya zamani, nawe unasugua mara moja. Hiyo hiyo ndiyo sababu kurundika nta mara tano hakuongezi unene: kila mpako mpya unayeyusha sehemu ya uliotangulia.

Ya pili: nta yenyewe ni laini mno. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, wakati nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti fulani wa Brazili wa jamii ya minazi, hufika nyuzi 80 na zaidi. Ndiyo maana meza iliyopakwa nta ya nyuki tupu huchapika vidole kirahisi. Wengi wetu tunajipikia: sehemu moja ya nta kwa tatu au nne za tapentaini. Hiyo inapakika vizuri. Lakini ukiongeza mafuta ya kupikia ili ilainike, kama wengine wanavyofanya, umejitafutia balaa, kwa sababu mafuta hayo hayakauki leo wala kesho. Mishumaa nayo: nta yake ni ya petroli, nyingi huyeyuka mapema, na haitoi ule mng'ao wa ndani. Kama unaweza kupata karnauba kidogo, changanya na ya nyuki, meza itakuwa ngumu zaidi. Usizidishe, kwa sababu karnauba nyingi inataka mkono wa nguvu na inavunjika vipande kama ugoro.

Ya tatu ni ya afande. Bonyeza kwa ukucha. Ukizama, tatizo liko chini. Weka pua karibu na mbao: ukisikia thina, laka bado inapumua. Laka inakauka mkononi kwa nusu saa, na hilo ndilo linalotudanganya, kwa sababu kukauka na kukomaa ni mambo mawili. Mimi sasa naiacha laka angalau wiki mbili kabla ya kuisugua, na vanishi ya mafuta naipa mwezi. Mvule inataka subira zaidi. Ina kemikali zake za asili zinazochelewesha vanishi ya mafuta. Kwenye mvule naanza na mpako mwembamba wa shelaki ndipo nije na vanishi.

Na vile vitambaa vya plastiki vya mezani tuviseme wazi. Plastiki ile laini ina mafuta ya kuilainisha, na mafuta hayo huhamia taratibu kwenye laka na kuilegeza, hata laka iliyokomaa. Meza ya afande niliirudisha karakanani, nikafuta nta, nikaiacha wazi wiki tatu, nikaisugua kwa msasa namba 400 hadi waridi zikafutika, nikapuliza upya, nikasubiri tena. Mama sasa anatandika vitambaa vya kufuma. Kile cha plastiki nilikiona mara ya mwisho kimefunika pipa la maji.

## Ina ukungu

Kuna ukungu wa nta na kuna ukungu wa laka, na kuvichanganya ndiko kunakowapotezea watu siku nzima.

Simama upande ambao mwanga unakujia. Chora mstari kwa kidole juu ya sehemu yenye ukungu. Mstari ukionekana, ni nta isiyosuguliwa vya kutosha, au uliyoipaka kitambaa chako kikiwa na maji. Sugua kwa kitambaa kikavu. Ikikataa, futa kwa waiti spiriti na uanze upya. Mstari usipoonekana, ukungu umo ndani ya laka.

Ukungu wa ndani hapa kwetu una majira yake: Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba. Ukipuliza laka hewa ikiwa nzito kwa mvua, thina inaporuka huipoza ile ngozi ya laka kiasi kwamba maji ya hewani yanatua juu yake na kunaswa humo. Laka inapauka, inakuwa kama jivu. Fundi mwenye haraka anasema, "nta itaificha." Nta haiifichi. Mteja akiitazama jioni taa ikiwaka, anaona kila kitu.

Dawa yake: kama hujapaka nta, subiri siku ya jua, puliza thina inayokauka polepole, kama umande tu, laka itafunguka na kuachia maji. Kama umeshapaka nta, ni lazima uitoe yote kwanza. Na usipulize wakati mawingu yanakusanyika, hata mteja akisimama mlangoni na gari la kubebea.

## Vidoa vyeupe ndani ya vinyweleo

Mvule, mugavu na mahogani zina vinyweleo, yaani vitundu vidogo vya mbao, vilivyo wazi. Ukipaka nta nyeupe juu ya mbao nyeusi ambayo vinyweleo vyake havikujazwa, nta inaingia humo, inakauka, na wiki ya pili meza inaonekana kama imenyunyiziwa unga wa posho. Chukua brashi ya mswaki, chovya kwenye waiti spiriti, sugua kufuata nyuzi za mbao, futa. Kisha paka nta ya rangi ya kahawia iliyokolea.

Hapa wengi tunakimbilia dawa ya viatu ya kahawia, na siwezi kujifanya mtakatifu. Kwenye sanduku au fremu ya kioo inafanya kazi. Kwenye kiti usithubutu. Kuna dada aliyerudi kutoka kanisani na mstari wa kahawia mgongoni mwa gauni jeupe, na kiti nilikitengeneza mimi.

Ila kwenye mvule angalia vizuri kabla ya kusugua. Mbao hii wakati mwingine ina mawe, chokaa halisi iliyoganda ndani ya mti. Ndiyo hiyo inayomaliza meno ya msumeno kule Ndeeba, kwa wapasua mbao. Choma doa kwa ncha ya sindano. Nta inachimbika, jiwe linagonga. Jiwe hutalitoa kwa kitambaa. Lichimbue, ujaze kwa gundi na unga wa mbao hiyo hiyo, upake laka hapo, na umwambie mteja ukweli.

## Mizunguko na mikwaruzo inayojitokeza juani

Ndani ya karakana meza inang'aa kama maji. Ikitoka nje, mizunguko kama nyayo za konokono. Washa tochi ya simu, ilaze karibu na meza, mwanga uende ubavu ubavu. Utaona kila kitu bila kusubiri jua la mteja.

Mikwaruzo iliyonyooka, yenye nafasi sawa, ni ya msasa. Umeruka namba. Kila namba kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya iliyotangulia. Ukitoka 400 ukaenda 1500 moja kwa moja, 1500 haina nguvu ya kufuta ya 400, inaing'arisha tu. Rudi nyuma: 600, 800, 1000, halafu 1500 na 2000 kama unataka kioo. Sugua kwa maji yenye tone la sabuni, ukibadilisha uelekeo kila namba ili ujue ya zamani imekwisha. Kingo na kona ziache mwisho, na uziguse kidogo tu.

Mizunguko inatokana na mashine. Pedi ya sufi iliyofanya kazi na kampaundi ya kung'arishia magari jana, leo ukiipaka nta, bado ina chembe za jana. Ioshe, au uwe na pedi mbili na uziandike.

Mkwaruzo mmoja mmoja usio na mpangilio, wa kina, chunguza nta yako. Nta ya nyuki tunayonunua, iwe ya Arua au ya kijiji chochote, mara nyingi inakuja na mchanga, mabawa ya nyuki na vipande vilivyoungua. Iyeyushe juu ya maji, iache ipoe. Nta inaganda juu, uchafu unashikamana upande wa chini, unaukwangua kwa kisu. Kisha iyeyushe tena, uichuje kwa kitambaa. Sufuria ya nta iwe ndani ya sufuria ya maji, isikae moja kwa moja kwenye sigiri, na tapentaini uiongeze ukiwa umeshatoka mbali na moto. Matambara yenye mafuta ya kitani au tapentaini yatandaze chini yakauke. Ukiyakunja ukayatupa kwenye kona, yanaweza kupata joto yenyewe hadi yakawaka, bila mtu kuwasha kiberiti.

## Kona zimeungua

Grainda ya kukatia chuma huzunguka mara elfu kumi na zaidi kwa dakika. Mashine ya kung'arishia inahitaji elfu moja hadi mbili, na kwenye laka hata chini ya hapo. Lakini grainda ndiyo tuliyo nayo, basi tunaifunga pedi ya sufi na kuomba Mungu. Laka inapata joto, inalainika, inavutwa na sufi, na kwenye kona inaisha kabisa. Unaona mbao tupu imezungukwa na ukingo wa kahawia. Hakuna nta itakayofunika hapo. Sugua kidogo kwa 400, rudisha rangi, puliza laka pale, subiri, kisha ung'arishe kwa mkono. Kama huna mashine ya mwendo wa chini, mkono na kitambaa cha sufi ya blanketi vinatosha. Meza ya watu wanane ni asubuhi moja.

## Haing'ai hata ukisugua hadi bega liume

Tazama kopo la laka. Kama iliandikwa mati, ndani yake kuna unga laini wa silika uliowekwa makusudi ili kuvunja mwanga. Hutaigeuza kuwa kioo kwa nta. Weka mpako wa laka inayong'aa, ndipo usugue. Kama laka ni ya kung'aa na bado haing'ai, umeishia kwenye namba ya msasa iliyo chini mno, au mbao ilinyonya laka yote kwa sababu sila ilikuwa mpako mmoja. Paini na musizi hunyonya kama sifongo.

Kwa anayetaka mng'ao wa upole tu, sufi ya chuma namba 0000 iliyochovywa kwenye nta, ukifuata nyuzi za mbao kwa mwendo mrefu, inatosha. Kisha kusanya kila kipande cha chuma kilichobaki. Kikipata maji kitapiga kutu, na kwenye mbao yenye tanini kama mugavu kitaacha doa jeusi.

## Duara la sufuria

Matoke yameshushwa jikoni, yamefungwa kwenye majani, mtu akaweka sufuria juu ya meza "kidogo tu". Duara jeupe linabaki. Weupe maana yake mvuke umeingia kwenye laka lakini haujafika kwenye mbao. Futa nta. Subiri siku mbili, wakati mwingine linaondoka lenyewe. Kama limebaki, kwenye shelaki au laka pitisha haraka kitambaa kilichonyunyiziwa spiriti kidogo sana, kama unamfukuza nzi, bila kusimama mahali pamoja. Au sugua kwa sufi ya 0000 na mafuta mepesi. Kisha nta.

Duara jeusi ni habari nyingine. Maji yamepita hadi kwenye mbao. Hapo unavua laka yote na kutumia asidi ya oksaliki, ukivaa glavu na barakoa, au unakubali kwamba meza ina historia.

## Laka mpya inakimbia

Meza ya zamani imeletwa ipigwe laka upya, unapuliza, na laka inajikusanya kwenye vitundu vya mviringo kana kwamba kuna mtu amenyunyiza maji. Ni nta ya miaka, au mbaya zaidi, ni silikoni ya yale makopo ya kupulizia fanicha. Kukwangua kwa msasa kabla ya kuosha kunaisukuma silikoni ndani zaidi, kwa hiyo osha kwanza: waiti spiriti, kitambaa safi, geuza, tupa, kingine. Mara tatu, na matambara matatu tofauti, si lile lile. Halafu msasa. Puliza kipande kidogo cha majaribio. Kikikimbia tena, usibishane na meza; paka shelaki isiyo na nta iwe kizuizi katikati, mipako miwili myembamba, iache ikauke usiku mmoja, kisha laka juu yake.